Kondomu na Upana Wake: Mapitio ya Aina Zinazouzwa Dar es Salaam

Ukisimama mbele ya kabati la kioo katika duka la dawa jijini Dar es Salaam, utaona kwamba kondomu huuzwa kwa ladha, kwa rangi, kwa vipele na kwa picha ya mrembo iliyo kwenye pakiti, ilhali kipimo kinachoamua kama mpira huo utamkaa mtu vizuri, yaani upana wake, kimeandikwa nyuma kwa herufi za kutafutiwa miwani, au hakikuandikwa kabisa. Mapitio haya yanahusu kipimo hicho zaidi ya kitu kingine chochote. Nimezitumia aina kadhaa ndani ya ndoa kwa ajili ya kupanga uzazi, na nimezigawa na kuzifundisha nikiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hivyo ninazitazama kama mtumiaji na pia kama mtu anayelazimika kumweleza kijana wa bodaboda kwa nini asiivue katikati ya safari. Majina ya pakiti zilizonikera sitayataja, maana kasoro nyingi nitakazozieleza ni za aina nzima ya bidhaa wala si za kiwanda kimoja.

Kwanza tuelewane kuhusu namba yenyewe. Upana unaoandikwa kwenye pakiti ni upana wa kondomu ikiwa imelazwa bapa juu ya meza, kwa hiyo kondomu ya milimita 53 ina mzingo wa milimita 106 kabla haijavutwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, ambao ulikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 vilivyochukuliwa na wataalamu wa afya badala ya kutegemea maneno ya wanaume wenyewe, ulipata wastani wa mzingo wa uume uliosimama kuwa sentimita 11.66 na urefu wa sentimita 13.12. Mtu wa wastani huo akivaa kondomu ya 53, mpira huvutika kwa asilimia 10 hivi, na mvutano huo unatosha kuushika uume bila kuukaba. Lakini mwenye mzingo wa sentimita 10 huwa mdogo kuliko kondomu yenyewe, hivyo mpira unampwaya kabla hata hajaanza, ilhali mwenye sentimita 14 huuvuta mpira uleule kwa asilimia 32. Wote watatu wamepewa pakiti moja, wameambiwa maneno mamoja, na wawili kati yao watarudi na malalamiko ambayo mhudumu atayasikia kama visingizio.

Tuanze na hizo za milimita 53, maana ndizo zinazotolewa bure katika zahanati na vituo vya afya, na ndizo nyingi kati ya zile za bei nafuu zinazouzwa kwa pakiti za tatutatu. Mtaani za bure hudharauliwa: husemwa ni nzito, ni za msaada, zina matundu. Mimi nazipa alama nzuri, na sababu zangu si za kizalendo. Masharti ya ununuzi yaliyowekwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, yanataka kondomu ya upana huu iwe na urefu usiopungua milimita 180, unene ulio kati ya milimita 0.045 na 0.080, na kilainishi cha silikoni cha miligramu 550 hivi ndani ya kila pakiti. Sampuli za kila toleo hujazwa maji kutafuta matundu, na nyingine hupulizwa hewa, zikitakiwa kubeba angalau lita 18 kabla ya kupasuka. Kondomu inayopita hapo haiwezi kuitwa ya hovyo kwa sababu tu haina picha ya kuvutia. Katika kuivaa, ile ya bure niliyoizoea hushuka kwa mkono mmoja bila kunata, hubaki mahali pake hadi mwisho, na huvuka kwa urahisi ukishika ukingo. Mapungufu yake ni mawili: harufu kali ya mpira pale unapofungua, na kilainishi ambacho huisha upesi ikiwa mwenzi hajawa tayari.

Harufu nitaieleza kidogo kwa sababu wataalamu wengi huiona kuwa jambo la kudeka. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ililazimika kusimamisha ugawaji wa Engabu, kondomu zake za bure, baada ya watumiaji kulalamikia harufu mbaya, na uhaba wa kondomu uliofuata ukaingia hadi mwaka uliofuata. Afrika Kusini nayo, baada ya miaka ya kugawa Choice, ambayo wanafunzi waliilalamikia kwa harufu na kwa kelele, ilileta mwaka 2016 kondomu za bure za Max zenye rangi na manukato ya matunda. Serikali mbili zimelipa gharama ya kujifunza kwamba mtumiaji ana pua. Kwa zile za kwetu, ushauri wangu ni kwamba mtu aifungue pakiti mapema kidogo, si sekunde ileile ya kuivaa, na harufu itapungua. Na anayependelea zenye manukato ya ndizi au stroberi azinunue bila aibu, mradi asikilize kama mwenzi wake anapata muwasho, kwa sababu baadhi ya wanawake huwashwa na manukato hayo.

Kondomu finyu, za milimita 49, ndizo zilizonipa kazi kubwa ya kuzitafuta. Katika duka moja nilimwuliza muuzaji kwa heshima zote, "Samahani dada, una kondomu za milimita 49?" Akacheka, akaniambia, "Kaka, hizi hazina namba kama viatu." Dada huyo alikuwa mkarimu, akanitolea pakiti zote alizokuwa nazo tukazigeuza moja baada ya nyingine juu ya kaunta, na pakiti zenye kuonyesha upana zilikuwa chache kuliko zenye kuonyesha ladha. Jambo la kushangaza ni kwamba masharti ya kimataifa niliyoyataja yanautambua upana wa 49 sambamba na ule wa 53, na nchi inaweza kuagiza wowote kati ya hizo. Si kwamba kiwanda hakitengenezi. Ni sisi hatuagizi, na hatuagizi kwa sababu hakuna mwanamume atakayejitokeza kwenye mkutano wa hadhara kusema kwamba ya kawaida inampwaya. Mimi mwenyewe 49 naivaa lakini huacha alama nyekundu kwenye shina la uume na hunifanya nifikirie kuivua, hivyo si yangu. Lakini wanaume wawili niliowahi kuwapa, ambao wote walikuwa wameacha kutumia kondomu baada ya ile ya kawaida kuwavuka na kubaki ndani ya mwenzi, waliniletea habari njema, na mmoja wao alitaka kujua kwa nini miaka yote hiyo hakuna aliyemweleza kwamba kuna nyingine.

Kwa upande wa pili ziko zinazoitwa kubwa, ambazo kwa kawaida huwa na upana wa milimita 56 au 57 na kuendelea. Hapa soko limejaa majigambo. Mwanamume huzinunua kwa sababu ya neno lililoandikwa mbele ya pakiti, akiiweka juu ya kaunta ili wenzake waione, na matokeo yake huwa kinyume cha alichokitaka, kwa sababu kondomu inayopwaya hujikunja, hupiga mikunjo inayosugua, na hatimaye huteleza. Nilipojaribu ya 57 nililazimika kushika ukingo wake kwa vidole kila baada ya muda mfupi, na starehe yote ikaishia kwenye ulinzi. Pia si kila iliyoandikwa "kubwa" ni pana: baadhi zimepanuliwa kichwani tu huku shingo na ukingo vikibaki karibu sawa na za kawaida, na nyingine zimeongezwa urefu peke yake. Kichwa kilichopanuliwa kina faida yake kwa anayelalamika kwamba kondomu inambana sehemu ya mbele, lakini anayebanwa kwenye ukingo, hadi uume ukalegea, hatapata nafuu yoyote humo. Wa namna hiyo anahitaji milimita zilizoandikwa kwa namba, 57 au 60, na akizipata tofauti huiona mara moja.

Nasisitiza jambo hili la kukaa vizuri kwa sababu si anasa iliyowekwa juu ya usalama. Ndio usalama wenyewe. Watafiti wanaohusiana na Taasisi ya Kinsey ya Marekani walichapisha mwaka 2010 matokeo ya wanaume 436, ambao asilimia 44.7 kati yao walisema kondomu waliyotumia mara ya mwisho haikuwakaa sawasawa. Hao ndio walioelekea zaidi kuripoti kondomu kupasuka, kuvuka, kusumbua usimamaji wa uume, kupunguza raha kwa wote wawili, na, jambo lililo baya kuliko yote kwa mtazamo wa afya ya jamii, kuivua kabla ya tendo kwisha. Makadirio yanayotumiwa katika uzazi wa mpango yanasema kwamba kati ya wanawake 100 wanaotegemea kondomu ya kiume kwa mwaka mmoja, 2 watapata mimba zikitumiwa kila mara na kwa usahihi, lakini katika matumizi ya kawaida ya watu idadi hiyo hufika 13. Tofauti hiyo ya 2 na 13 haitokani na mpira wenye matundu. Inatokana na kondomu iliyobaki mfukoni, iliyovaliwa katikati, iliyovuliwa mapema kwa sababu inabana, na iliyovuka kwa sababu inapwaya. Kwa VVU pia, kinga ya asilimia 80 hivi inayotajwa na wataalamu huwahusu wanaozitumia kila mara, na hakuna mtu anayekitumia kila mara kitu kinachomuumiza.

Kwa watu waliofika mbali zaidi kuliko sisi katika jambo hili, kuna kampuni za nje zinazouza kwa namba. MISTER SIZE ya Ujerumani hutoa upana saba, kuanzia milimita 47 hadi 69, na kila pakiti imeandikwa namba yake kwa tarakimu kubwa ambazo hata mtu mwenye haya anaweza kuzinyooshea kidole bila kusema neno. Kampuni ya ONE ya Marekani ina mfumo wa ukubwa zaidi ya hamsini, unaochanganya urefu na upana. Kondomu hizo za ONE zilipata mwezi Februari 2022 idhini ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, zikiwa za kwanza kuidhinishwa rasmi pia kwa kujamiiana kinyume na maumbile, baada ya utafiti uliohusisha wanaume 252 wanaojamiiana na wanaume wenzao na wengine 252 wanaojamiiana na wanawake. Kondomu zilifeli kwa asilimia 0.68 katika kundi la kwanza na asilimia 1.89 katika la pili, na maelezo yanayokubalika ya tofauti hiyo ni kwamba kundi la kwanza lilitumia kilainishi karibu kila mara. Sidhani kwamba zahanati ya Mbagala inahitaji ukubwa wa namna nyingi hivyo. Tatu zingetosha, kama zingekuwepo.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye kilainishi, ambacho kwa maoni yangu huongeza starehe kuliko vipele, ladha na wembamba vikiunganishwa. Kondomu nyingi zinazopasuka bila ya kuwa na kasoro ya kiwandani hupasuka kwa ukavu au kwa mafuta yasiyofaa. Pwani yetu ina mafuta ya nazi kila nyumba, chumbani kuna Vaseline na losheni, na katika giza mkono huchukua kilicho karibu. Utafiti uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mafuta ya madini, yaani yale yanayotokana na petroli, yanaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya nguvu ya kondomu ya mpira ndani ya sekunde 60. Unaweza kujionea mwenyewe: ipulize kondomu iliyokwisha muda wake iwe puto dogo, ipake losheni ya mafuta, uisugue kidogo kwa kidole, kisha usubiri. Nimefanya hivyo mbele ya vikundi vya vijana, na mlio wake wa kupasuka hufundisha kwa haraka kuliko bango lolote. Kilainishi kinachofaa ni cha maji au cha silikoni. Cha maji kinapatikana katika maduka makubwa ya dawa, hakichafui shuka, lakini hukauka na huhitaji kuongezwa. Cha silikoni hudumu zaidi, ila bei yake hufanya mtu apige hesabu. Tone moja, dogo, ndani ya chuchu ya kondomu kabla ya kuivaa huongeza hisia kwa mwanamume kwa kiasi ambacho wengi hawakitarajii, lakini liwe tone tu, maana likizidi kondomu nzima huanza kuteleza kuelekea mbele. Kilainishi kingine chote kipakwe nje.

Mke wangu, ambaye maoni yake katika mapitio haya yana uzito kuliko yangu kwa sababu yeye ndiye anayesuguliwa, huzipanga kondomu kwa kigezo kimoja tu: kama asubuhi anahisi muwasho au hahisi. Kwa kigezo hicho zile za vipele vikubwa zimeanguka vibaya. Vipele vidogo, vilivyotapakaa, anavivumilia. Vile vilivyoinuka kama vya kandambili alinirudishia pakiti ikiwa na mbili ndani. Wembamba yeye hautambui, ilhali mimi nautambua kidogo, zaidi katika joto kuliko katika mguso, na sioni sababu ya kulipa maradufu kwa ajili ya sehemu chache za mia za milimita ilhali kilainishi kinafanya kazi hiyohiyo.

Kuna aina mbili ambazo siwezi kuzipendekeza. Ya kwanza ni zile zilizopakwa nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba kondomu za namna hiyo zisihamasishwe tena, kwa sababu dawa hiyo ikitumiwa mara kwa mara huchubua ukuta wa uke na inaweza kuongeza hatari ya kupata VVU badala ya kuipunguza. Ushahidi ulitokana na utafiti miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono nchini Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Usome nyuma ya pakiti, na ukiiona hiyo uirudishe kabatini. Ya pili ni zile za kuchelewesha, zenye benzokaini, ambazo zinapendwa sana na vijana wa hapa mjini. Zinachofanya ni kutia ganzi, na ganzi haichagui: mtu hupoteza hisia za raha pamoja na hisia za kujua kwamba kondomu imeanza kuvuka, na ikiwa aliivaa kinyume, ganzi inaweza kuhamia kwa mwenzi. Kuivaa kinyume na kuigeuza ni kosa hata kwa kondomu ya kawaida, maana majimaji ya mwanzo yanakuwa yamekwisha kugusa upande wa nje.

Kwa wenye mzio wa mpira, ambao hupata vipele halisi, uvimbe na mwasho ndani ya dakika chache, mbadala unaopatikana ni kondomu za poliisoprini, yaani mpira unaotengenezwa kiwandani, kama zile za SKYN. Ni laini, zinavutika vizuri, harufu yake ni ndogo sana, na kwa upole wa mguso nazipa nafasi ya kwanza kati ya zote nilizojaribu. Ila zinaharibiwa na mafuta vilevile kama za mpira wa asili, jambo ambalo wauzaji hulisahau wanapozisifu. Bei yake inazitenga na watumiaji wengi.

Kondomu ya kike inastahili maneno zaidi kuliko inavyopewa kwa kawaida, kwa sababu inalikwepa kabisa tatizo nililolianza nalo. Ile ya FC2, iliyotengenezwa kwa nitrili, aina nyingine ya mpira wa kiwandani, na kuidhinishwa Marekani mwaka 2009, haiushiki uume. Inakaa ndani ya uke kwa kushikiliwa na pete ya ndani, na pete ya nje hubaki nje. Mwanamume wa milimita 49 na yule wa 64 huingia humo bila kubanwa wala kupwayiwa, joto la mwili hupita, na mafuta ya nazi hayaidhuru. Kasoro zake ni za kweli: mara ya kwanza huvaliwa kwa shida, mwanamke akiwa amechuchumaa na pete inayoteleza ikimponyoka vidoleni, huwa na sauti ya kuchakarika kama hakuna kilainishi cha kutosha, na mwanamume asiyeongozwa kwa mkono anaweza kuingia pembeni yake. Kwa wanandoa wenye subira, ambao mwanamume hulalamikia kubanwa, ningeishauri kabla ya kondomu nyingine yoyote. Kosa ni kwamba huletwa kwenye semina ikaonyeshwa, ikachekesha watu, kisha ikarudishwa kwenye boksi, na aliyeitamani hajui ataipata wapi.

Semina zenyewe nazo nina neno nazo, kwa sababu huduma ya uhamasishaji ni sehemu ya bidhaa. Mfano wa uume wa mbao tunaoutumia una ukubwa mmoja, haulegei, haukauki na haulalamiki. Halafu kuna ule mchezo maarufu wa mwezeshaji kuivuta kondomu hadi kwenye kiwiko cha mkono, ukumbi ukacheka, kisha akatangaza kwamba hakuna mwanamume ambaye haimwingii. Kwa kuonyesha uimara wa mpira, mchezo huo unafaa. Kwa kuonyesha starehe ni udanganyifu, maana kiwiko hakina hisia zinazotegemea mzunguko wa damu, na kijana aliyetaka kuuliza kuhusu kubanwa huondoka akiamini kwamba tatizo ni lake. Kinachohitajika ni dakika tano za uzi na rula: mtu akiwa peke yake nyumbani, uume ukiwa umesimama, auzungushe uzi katikati ya shina bila kukaza, apime urefu wa uzi kwa milimita, agawe kwa mbili, kisha atafute kondomu ambayo upana wake ni pungufu kidogo ya jibu hilo. Aliyepata 58 atakaa vizuri katika 53. Aliyepata 51 ajaribu 49. Aliyepata 65 atafute 57 au 60. Urefu usimsumbue mtu: sehemu inayobaki bila kukunjuliwa iachwe ilivyo kwenye shina.

Katika kununua, ubonyeze pakiti kwa kidole gumba. Inapaswa kuwa na mto wa hewa ndani. Iliyolala bapa imekwisha kutoboka. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na uangalie pia mahali pakiti ilipokuwa imekaa, kwa sababu kondomu iliyoshindishwa juani kwenye kibanda, au iliyokaa wiki nyingi ndani ya pochi ya mfuko wa nyuma, hupoteza nguvu kabla ya tarehe yake kufika. Mwenye kuanza achukue za bure za 53 pamoja na kichupa cha kilainishi cha maji, na fedha aliyotaka kuitumia kwa ladha na vipele aielekeze kwenye hicho kichupa. Zikimbana au zikimpwaya, apime, kisha abadili upana na si jina la kampuni. Za 49 nilizipata katika duka kubwa la dawa lililo jirani na hospitali, na za 57 katika supamaketi. Kwenye maduka ya dawa muhimu ya mtaani, ambako watu wengi hununua wakiwa njiani kurudi nyumbani, sikuziona zote mbili.